Mashindano ya Mashua Lamu: Historia Yenye Mkono wa Mwanamke



Hapa tumezoea kuzungumza habari za hina na singo, kisutu na mahari, mkwe na wifi. Leo naomba tugeuze macho tuangalie baharini, kwa sababu wengi wetu tumeolewa, au tutaolewa kwa idhini ya Allah, katika nyumba za watu wa bahari. Mume ni mvuvi, au babamkwe ni fundi wa mashua, au mashemeji wote wanashinda ufukweni. Na katika nyumba hizo, mashindano ya mashua yakikaribia, hapasemwi jambo jingine.

Bibi harusi mgeni huambiwa kwamba hayo ni mambo ya wanaume, yeye ashughulike na jikoni. Historia haisemi hivyo. Nitachukua mfano wa Lamu, kwa sababu ni mji ambao mashindano ya mashua yameingia hata katika sherehe za Maulidi. Utaona kwamba mashua ya tanga haikuwahi kuwa kazi ya wanaume peke yao, na kwamba mchezo huu ukifa tutakuwa tumepoteza kitu chetu pia.

Mashindano yalianzia sokoni

Mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyouita, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mbele yake kuna mkondo wa bahari, na ng'ambo ya mkondo ni kisiwa cha Manda. Ukishuka kusini unafika Shela, penye ufuko mrefu wa mchanga. Ukizunguka upande wa pili wa kisiwa unafika Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa mafundi wa mashua. Kaskazini kuna Ghuba ya Manda, na mbele yake Pate, Siyu, Faza na Kizingitini.

Katika nchi kama hiyo, kila kitu kilikwenda kwa tanga: samaki, mawe ya kujengea, boriti za mikoko, mahindi ya bara, maji ya kunywa, hata maharusi na maiti. Na anayekwenda kwa tanga hana budi kupenda mwendo. Zamani hapakuwa na barafu ya kuhifadhia samaki. Mashua iliyofika kwanza iliuza samaki wabichi kwa bei nzuri, na iliyochelewa ilikuta wanunuzi wamekwisha kwenda zao. Kwa hiyo mashua mbili zikikutana mkondoni zinaelekea upande mmoja, hapakuhitajika mwamuzi wala kipenga. Kila nahodha aliangalia tanga la mwenzake, akavuta demani kidogo, na mashindano yakaanza.

Huo ndio msingi wa mchezo. Kabla haujawa na zawadi na watazamaji, ulikuwa ni riziki. Na riziki ile iliishia kwa mwanamke: ndiye aliyempokea samaki, akamkaanga au akamuuza, akajua wiki hiyo watoto watavaa nini.

Kamba, mkeka na mtepe

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Waandishi wa kale waliofika pwani hii walishangazwa na jambo moja: vyombo vyetu havikupigwa misumari, vilishonwa. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, kilichoandikwa takriban miaka 2,000 iliyopita, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Chombo hicho kiliendelea kuishi katika visiwa vya Lamu kwa jina la mtepe. Mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, limetengenezwa kwa mkeka. Omo yake ilinyanyuka kama shingo ya ngamia, na wazee wakisimulia kwamba umbo hilo lilikuwa kumbukumbu ya ngamia wa Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam.

Hebu tulia hapo, dada yangu. Kamba za nazi na mkeka. Kazi hizo ni za nani katika visiwa vyetu?

Kamba ya nazi ni kazi ndefu. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakaachwa miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa gongo, huoshwa, huanikwa, na nyuzi zinazobaki husokotwa kwa viganja mpaka ziwe kamba. Ukipita vijiji vya mashariki ya Unguja hadi leo, utawakuta akina mama ndio waliokaa ufukweni wakiponda makumbi hayo. Mkeka nao unaujua: kukata miyaa, kuianika, kuichana, kusuka ukili, kisha kushona ukili juu ya ukili. Binti wa visiwani alifundishwa kusuka akiwa mdogo kama anavyofundishwa kupika wali.

Kwa hiyo chombo kilichokwenda mbio zamani kilishikana kwa kamba na kilisukumwa na mkeka. Seremala ni mwanamume, nahodha ni mwanamume, hilo halikataliwi. Lakini ufundi uliozuia chombo kisifunguke baharini na kiupate upepo ni ule ule ambao bibi zetu waliufanya wakiwa wamekaa barazani na ufukweni.

Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mashua na majahazi ya misumari yalikuwa yamekwisha kutawala, na tanga la mkeka lilipisha tanga la kitambaa kizito cha pamba kiitwacho maradufu. Hilo ndilo tanga la pembe tatu tunaloliona leo, limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaolala kwa mshazari juu ya mlingoti.

Shiraa: neno moja, nguo mbili

Kuna habari nyingine ya Lamu ambayo kila mwanamke wa Kiislamu wa pwani angepaswa kuijua. Kabla ya buibui kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, mabibi wa nyumba kubwa za Lamu walikuwa wakitoka na shiraa. Ilikuwa ni nguo pana kama hema dogo, imeinuliwa kwa vijiti, na bibi akitembea ndani yake bila kuonekana na mtu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni tanga la chombo.

Yaani mji ule ulimtazama mwanamke aliyesitirika akipita vichochoroni, ukaona tanga. Sioni ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi bahari ilivyoingia katika fikira za watu.

Lakini tusiisimulie habari hii kwa nusu. Shiraa ya bibi mkubwa ilibebwa na watumwa wa kike, ambao wenyewe hawakuruhusiwa kujisitiri kama yeye. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wabebaji waliondoka na shiraa ikaondoka. Wanawake waliokuwa watumwa na watoto wao wakachukua buibui, na mabibi wakachukua buibui, na sitara ikawa ya kila mwanamke. Tunaposifu stara ya zamani, tukumbuke pia nani aliyekuwa ameshika vijiti.

Maulidi yanapoingia mjini

Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi Lamu mwanachuoni aliyetoka kwa bahari, Habib Swaleh bin Alwy Jamal al-Layl, mzaliwa wa Ngazija. Aliuanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa wakiwajali katika elimu, wakiwemo waliokuwa watumwa. Ndiye aliyeyaimarisha pale Lamu Maulidi ya al-Habshi kutoka Hadhramaut, na mpaka leo watu wanasafiri kutoka Kenya, Tanzania, Komoro na kwingineko kuyahudhuria.

Maulidi hayo husomwa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita. Siku zile mji hujaa wageni, na pamoja na kisomo, dufu na zefe, huwa na michezo: mbio za punda, kuogelea, bao, na mashindano ya mashua mbele ya mji. Kuna mashindano mengine pia, ya tamasha la utamaduni la Lamu na yale ya mwanzo wa mwaka wa Kizungu kule Shela. Lakini ya Maulidi yana sifa yake, na sifa hiyo inatokana na mwezi.

Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko ule wa Kizungu kwa siku kama 11. Mashindano ya Januari hukuta kaskazi kila mwaka. Ya Maulidi huhama. Miaka kadhaa hukuta kaskazi, miaka mingine kusi kali, mingine matlai au upepo usiojulikana unaelekea wapi. Kwa miaka kama 33 yanakuwa yamezunguka mwaka mzima. Kijana aliyeanza kupanda mashua ya mashindano akiwa na miaka 15, akifika karibu na 50 amekwisha kushindana katika kila upepo ambao Allah ameupeleka pwani hii. Isitoshe, wiki ya mwisho ya mwezi maji huwa yanaelekea bamvua, na mkondo baina ya Lamu na Manda hukimbia kwa nguvu. Anayeshinda pale ameshinda upepo na maji pia.

Mashindano yenyewe

Kwa dada ambaye hajapata kuyaona, ni hivi. Mashua za mashindano huchaguliwa na kuandaliwa mapema. Mashua huvutwa pwani, chini yake hukwanguliwa chaza na mwani, kisha hupakwa deheni ili iteleze. Tanga hukaguliwa kila mshono. Siku yenyewe mashua hukaa mstari mmoja, matanga yakiwa chini. Ishara ikitolewa, foromali hupandishwa, tanga hufunguka kwa mlio, na mkondo wote huwa mweupe.

Kwenda na upepo si kazi kubwa. Kazi ni kurudi dhidi ya upepo, ambako mashua hukata maji kwa mshazari, kushoto kisha kulia. Kila ikigeuka, foromali nzima yapasa kuhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda wa pili. Mkono mmoja ukichelewa, tanga linapiga mlingoti na mashua inasimama. Upepo ukiwa mkali, mabaharia hukalia ubao unaotoka nje ya mashua, miili yao ikining'inia juu ya maji ili chombo kisipinduke. Ndani kuna farumi, mara nyingi mifuko ya mchanga, ambayo huhamishwa upande upande. Upepo ukilegea, mchanga humwagwa baharini ili mashua iwe nyepesi. Nahodha akikosea hapo, upepo ukarudi, hana tena uzito wa kumshika.

Elimu ya maji nayo ni ya kale. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Pate na Mombasa yalishuka Shela kuivamia Lamu. Yaliposhindwa na kukimbilia vyomboni, inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupwa na vyombo vimekaa mchangani. Vita vya Shela viliisha hapo ufukweni, na Lamu ikasimama. Mtoto wa Lamu akifundishwa kuangalia maji kabla ya kutweka tanga, anafundishwa jambo lililouokoa mji wake.

Wakati huo wanawake wako wapi? Wako ukutani mwa bahari, juu ya madari na ufukweni, na wanawajua washindani kwa majina ya mashua zao. Tanga la kijiji chao likitangulia, vigelegele hufika majini kabla ya mashua kufika pwani. Na usidhani ni kelele za furaha tu. Yule aliyening'inia juu ya ubao ni mtoto wa mtu na mume wa mtu. Katika lugha yetu, matanga ni nguo za vyombo, na matanga pia ni kilio cha msiba. Mke wa baharia anajua maana zote mbili. Kijana anayejifunza kuishika mashua katika upepo mkali mbele ya macho ya mji mzima, huku vyombo vya kumwokoa viko karibu, ndiye atakayejua kurudi nyumbani siku kusi itakapomkuta peke yake nje ya mwamba. Hiyo ndiyo faida ya mchezo huu ambayo haiandikwi kwenye zawadi.

Mchezo na kamari

Wako wanaouliza kama mashindano haya yanafaa, hasa yanapoambatana na Maulidi. Kushindana kwenyewe si jambo geni katika dini yetu. Tunajua kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliandaa mbio za farasi Madina, na kwamba alishindana mbio na Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye akashindwa. Kila mke akumbuke kisa hicho mume anapojifanya hana muda wa kucheza naye.

Ugumu uko kwenye fedha. Wanavyuoni wamelizungumza kwa kirefu suala la zawadi za mashindano, na wametofautisha baina ya zawadi inayotolewa na mtu asiyeshindana, na fedha zinazowekwa na washindani wenyewe au watazamaji ili mmoja azibebe zote. Hiyo ya pili ni kamari, hata ikivishwa kanzu. Kama nyumbani kwako kuna mshindani, muulize kwa upole zawadi inatoka wapi, na mkiwa na shaka mwendeeni shekhe wenu. Heshima ya kushinda inatosha. Lamu mtu hutajwa miaka mingi kwa mashua aliyoiendesha.

Kinachotutoka mikononi

Mwaka 1965 mtaalamu wa Kiholanzi, A. H. J. Prins, alichapisha kitabu kizima kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu, Sailing from Lamu. Wakati huo tanga bado lilikuwa ndilo linaloulisha mji. Leo injini inafanya kazi hiyo. Mvuvi hamlaumu mtu kwa kuweka injini. Inamrudisha mapema na inampunguzia hatari. Lakini matokeo yake ni kwamba siku za mashindano zimekuwa miongoni mwa siku chache ambazo vijana wanalazimika kujua tanga.

Kuna mengine. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje ya nchi, na safari za boriti kwenda Uarabuni zikakoma. Ghuba ya Manda nayo imepata bandari kubwa mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa sababu ya ujenzi huo. Mahakama inaweza kuhesabu samaki waliopotea. Ujuzi wa kijana ambaye hatajifunza tena kuusoma mkondo ule hauna hesabu.

Na kwa upande wetu, kamba ya nazi imepisha kamba ya plastiki, na mkeka umepisha zulia la dukani. Hapa ndipo ninapoona hasara inayotuhusu. Mchezo wa wanaume umepata tamasha la kuuhifadhi. Ufundi wa kike uliokuwa ndani ya chombo haukupata siku yake. Hata hivyo wako wanaofanya jambo: katika kisiwa cha Pate, wanawake wa Mtangawanda wamejiunga kupanda mikoko iliyokatwa. Mikoko ndiyo makulia ya samaki, na miti ya huko ndiyo inayotoa mataruma, mbavu za mashua. Mwanamke anayepanda mkoko leo anaijenga mashua ya mjukuu wake.

Kwako, bibi harusi

Dada yangu unayejiandaa, ukifika katika nyumba ya watu wa bahari, usikubali kuambiwa kwamba siku ya mashindano wewe ni wa jikoni tu. Pika, na upate thawabu ya kulisha watu. Lakini pia kaa na mama mkwe na bibi wa nyumba hiyo, uwaulize walikuwa wakisokota kamba za nani, walisuka mikeka ya nini, na mashua gani ya ukoo iliwahi kushinda. Waandike majina, ya vyombo na ya wanawake. Simu unayo mkononi, warekodi sauti zao kabla hazijazimika. Kama kuna anayejua bado kuponda makumbi, mwombe akufundishe japo urefu wa dhiraa moja.

Na siku matanga yatakapofunguliwa, simama ukutani pamoja na wenzio ukiwa na sitara yako, na umwombee salama kila aliye majini, wa kijiji chako na wa kijiji cha pili.

Allah awarudishe salama wote wanaotafuta riziki baharini, na azibariki nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.